Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya: Mount Gelai kirudi relini

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu kichwa cha treni nambari 5918, chenye jina Mount Gelai ubavuni, kilichosimama katika makumbusho ya reli hapa Nairobi. Naomba kirudi kubeba abiria, na kazi ianze wakati wazee wanaokijua wangali hai.

Baba yangu alikuwa fundi wa boila. Kule landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, tulijua zamu yake imekwisha kwa harufu ya mafuta mazito iliyomtangulia mlangoni. Akitaja "hamsini na tisa", hatukuuliza hamsini na tisa nini. Vichwa hivyo vya daraja la 59, Gelai kikiwa kimojawapo, vilikuwa 34, viliundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252. Kwa reli ya upana wa mita moja, duniani hakikuwahi kujengwa kichwa cha mvuke chenye nguvu kuvishinda. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Shengena, ambao jina lake limebebwa na 5930 mle mle makumbusho, uko Upare. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na majina yale yangali yanasomeka. Kila nikipita pale roho hunisisimka.

Siombi pambo. Boila ya Gelai imelazwa katikati, na kila upande inabebwa na injini nzima yenye silinda na magurudumu yake, inayopinda kivyake. Ndiyo maana mashine ya zaidi ya mita 30 iliweza kuzifuata kona zote kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Na kwa kuwa hakuna gurudumu chini ya boila, tanuri lilipata nafasi ya kutanuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiliwashwa tena, kikavuta abiria. Kilichofanyika mara moja chaweza kufanyika tena.

Ila rangi isitangulie, Mheshimiwa. Boila ifunuliwe kwanza, mabomba ya ndani yatolewe, unene wa mabati ya tanuri upimwe nukta kwa nukta. Kisha ijazwe maji baridi na kusukumwa hadi shinikizo lipite kiwango chake cha kazi, ambacho ni pauni 225 kwa inchi ya mraba. Maji baridi, kwa sababu bati likishindwa yatavuja tu. Mvuke ukipata upenyo huo unaua. Hapa hapatakiwi haraka wala sherehe ya kukata utepe.

Njia nayo ichaguliwe kwa akili. Kila ekseli inakandamiza reli kwa takriban tani 21, kwa hiyo si kila tawi litakihimili. Njia kuu ya Mombasa ndiyo ilikuwa uwanja wake; naipendekeza Nairobi hadi Athi River, kwenda na kurudi. Kichwa hiki hukimbia sawasawa mbele na nyuma, hakihitaji mahali pa kugeuzwa. Kinachoma mafuta, si kuni wala makaa, kwa hiyo hakitarusha cheche za kuni kwenye nyasi kavu za Athi. Maji yapangwe mapema, mabauza yangoje stesheni. Na fedha ikiwa haitoshi kwa sasa, anza na kichwa nambari 3020, Nyaturu, kilichoundwa Glasgow, chepesi zaidi.

Jambo linaloninyima usingizi ni mikono. Kutanua ncha ya bomba la boila hadi lishike bati bila kulipasua, kugonga ribiti na kujua kwa mlio kama imekaa: hayo kijana hayapati kwenye karatasi. Leteni wanafunzi wa chuo cha reli, kila mmoja akae na mzee mmoja. Wazee hao walipwe kama walimu, wasiitwe wageni wa heshima.

Kwa kuanzia, naomba mkaguzi mmoja wa boila, na tochi yake na nyundo ndogo. Daftari la baba ninalo. Vipimo vya hamsini na tisa vimo, kwa penseli, mwandiko wake umelala kushoto. Nitamngoja mkaguzi langoni nalo.

Wako mtiifu,
Mtoto wa fundi boila, Nairobi