Rehema, hiyo lenzi ya milimita 800 isubiri kwanza

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mama anaendelea vizuri na goti lake, na Saidi bado anauliza begi lake utalirudisha lini. Tumekaa kimya mno, lakini hayo tutayamaliza kwa simu. Nakuandikia mbiombio kwa sababu ya ujumbe wako wa jana usiku, kwamba umeshaamua kuchukua ile Canon RF 800mm f/11 na utailipia mwisho wa wiki. Tafadhali usilipe kabla hujasoma barua hii mpaka chini.

Ile picha ya mdiria uliyonitumia nimeikuza mpaka kichwa chake kikajaa kioo kizima. Umeniandikia kwamba jicho limefifia kwa sababu ndege alikuwa mbali. Nikaenda kwenye taarifa za faili: lenzi kwenye milimita 150 (zikizidi, kitu kinavutwa karibu zaidi), tundu la mwanga f/6.3 (namba ikizidi, tundu linakuwa dogo), ISO 400 (wepesi wa kamera kushika mwanga), shata 1/160 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Sasa litazame tawi alilokalia. Limetoka safi, hata nyufa za gome zinahesabika. Kwa hiyo fokasi ilishika na mkono wako ulitulia. Aliyecheza ni ndege mwenyewe, alikuwa anageuza kichwa. Kile kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinasaidia mkono wako tu, mnyama hakimhusu. Ungepandisha ISO mpaka 3200, kwa mwanga uleule shata ingefika karibu 1/1250 na jicho lingepatikana. Chengachenga kwenye picha zingekuwepo, ndiyo, lakini hizo zinasafishika. Jicho lililofifia halina dawa.

Ndiyo maana hiyo f/11 inanikosesha usingizi. Tundu lake ni hilohilo moja, halifunguki zaidi wala halifungiki. Wanyama wenyewe unawajua, wanaamka na alfajiri na wanarudi tena jua likizama, saa ambazo mwanga ni wa kuombaomba. Pale ambapo mwenye f/5.6 anapiga kwa ISO 1600, wewe wa f/11 utahitaji 6400 kupata kasi ileile ya shata. Na ndege akiruka unataka 1/2000 au zaidi. Utaitoa wapi?

Halafu kuna hili la kamera yako, R7. Sensa yake, yaani kile kibamba kinachopokea picha, ni ya APS-C, ile saizi ndogo, kwa hiyo milimita 800 zinakuonyesha eneo ambalo sensa kubwa ingelionyesha kwa milimita 1280. Najua hilo ndilo lililokuvutia. Lakini piga hesabu: mnyama akisimama mita 20 kutoka kwako, upana wote wa picha yako ni nusu mita na kidogo. Swala mzima haingii, unapata uso na shingo. Akisogea huna pa kurudisha zumu, kwa sababu zumu hakuna. Na akija ndani ya mita 6, lenzi haishiki fokasi kabisa. Hata kumtafuta ndege angani kwa dirisha dogo hivyo ni kama kutafuta sindano kupitia tundu la ufunguo.

Sisemi ni lenzi mbaya. Kwa gramu 1260 kukupa milimita 800 ni kazi ya kupongezwa, na mtu anayekaa kibandani akivizia ndege wa majini mchana kweupe ataipenda. Wewe si mtu wa kukaa. Wewe unatembea, unainama, unafuata sauti.

Mimi naona uanze na RF 100-400mm f/5.6-8. Ina gramu 635, nusu ya ile, na kwenye R7 inakufikisha sawa na milimita 640. Hata ukiivuta mpaka mwisho inabaki f/8, yaani mwanga mara mbili ya f/11. Inashika fokasi hata kwa kitu kilicho mbali kama mita 1 tu, kwa hiyo vipepeo na mijusi yako haitakupita. Yule mdiria angekuwa mkubwa zaidi ya mara mbili na nusu kwenye picha, ukiwa umesimama palepale. Kama mfuko unaruhusu, 100-500mm ni bora zaidi kwa kioo, ila ni nzito. Usimsikilize anayekwambia uongeze telekonvata, kile kipande cha kukuza kinachowekwa kati ya lenzi na kamera: ile 100-400 utakuwa umeishusha mpaka f/11 kwa telekonvata ya kukuza mara 1.4, na kwa ile 100-500 telekonvata inakubali kuanzia milimita 300 kwenda juu tu, zumu ya chini unaipoteza.

Zile lenzi nyeupe za 600mm f/4 tuwaachie wenyewe. Gawanya 600 kwa 4 upate 150: hiyo ndiyo milimita za upana wa kioo cha mbele, na ndiyo maana watu wanazibeba kwa mabega mawili.

Jambo jingine, kabla halijanitoka. Mchana wa jua kali hewa ya karibu na ardhi inachezacheza, na mnyama wa mbali anatoka kama amechorwa kwa maji. Hapo milimita zaidi zinakukuzia ule mchezo wa hewa tu. Dawa ni kusogea, au kurudi asubuhi. Nakuomba sana usizinunue milimita ili zikusogezee mnyama wakati miguu unayo na subira unayo kuliko sisi wote.

Sasa nijibu. Picha zako nyingi unazipiga saa ngapi hasa? Wanyama unaowatamani zaidi ni ndege au wa miguu minne? Utakuwa unatembea, au utapigia kwenye gari ukiwa na mfuko wa nafaka wa kulazia lenzi dirishani? Je, kuna mtu wa kukuazima 100-400 hata kwa asubuhi moja kabla hujatoa hela? Shemeji anasemaje? Na ile faili halisi ya mdiria unayo bado, au umebaki na nakala uliyonitumia? Nitumie kwanza, nataka kuona nyingine ulizopiga dakika ileile.

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Mwanaidi