Wagonjwa wa mfadhaiko waelezwe dawa zao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wauzaji wa dawa wa Kisauni na Kongowea tunakutana nalo kaunta mara kwa mara, nalo ni wagonjwa wa mfadhaiko na wasiwasi kuacha matibabu kabla dawa haijapata muda wa kufanya kazi.

Mtu huandikiwa fluoksetini, dawa ya mfadhaiko, hospitalini, foleni ikiwa ndefu na daktari akiwa na dakika chache tu za kumweleza. Siku za mwanzo anapata kichefuchefu, kichwa kinamgonga, usingizi unapaa, na ile huzuni iliyompeleka kwa daktari haijapungua hata kidogo. Wiki ya pili pakiti inarudishwa dukani, vidonge vichache vimebanduliwa, na mama mzazi anasema, "Daktari, hizi zimemzidishia mwanangu, hebu nibadilishie." Hakuna aliyewaambia kwamba madhara madogo ya dawa hizi hutangulia na nafuu hufuata, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, wala kwamba mgonjwa akishapona huendelea nazo kwa miezi 6 au zaidi ili ugonjwa usimrudie, kisha akazipunguza polepole kwa maelekezo ya daktari badala ya kuzikata ghafla.

Wenye wasiwasi nao wana mkasa wao. Moyo unawaenda mbio, kifua kinawabana, viganja vinatoa jasho, na wengi hutibiwa gesi, vidonda vya tumbo na presha kabla ya mtu yeyote kuwauliza wanalalaje au wanaogopa nini. (Moyo upimwe kwanza, hilo silipingi, na kijana anayetafuna muguka, majani yanayochangamsha mwili, usiku kucha aulizwe kuhusu muguka.) Baadhi huja kuomba diazepamu bila cheti cha daktari, kwa sababu jirani aliimeza akalala. Dawa hiyo hutuliza upesi, lakini mwili huizoea katika muda wa wiki chache na kuiacha huwa mtihani, na mji unaoijua bugizi, vidonge vya kutuliza vinavyotumiwa kulevya, hauhitaji kuelezwa zaidi.

Sipigii debe vidonge peke yake. Mfadhaiko usio mkali na wasiwasi wa aina nyingi huweza kutibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na Dkt Dixon Chibanda mwaka 2006 huwatumia akina nyanya waliopewa mafunzo, wakiketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili zilipungua. Nyanya zetu wa Mombasa wasingeshindwa kazi hiyo. Wanaosomewa na wanaoombewa nao waendelee, ila wasiambiwe kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani.

Vijana wa chini ya miaka 25 wanapoanza dawa za mfadhaiko wanafaa kuangaliwa kwa karibu, kwani kwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuongezeka katika wiki za mwanzo. Familia zisilifiche hilo kwa hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz kina kazi yake, lakini mgonjwa asiye na nguvu ya kutoka kitandani hawezi kuvuka feri kutoka Likoni na kubadilisha matatu kila mwezi. Naiomba serikali ya kaunti iweke dawa hizi katika zahanati za mitaa na kumfunza muuguzi mmoja katika kila zahanati awafuatilie wagonjwa, hata kwa simu, hasa katika wiki ya pili. Sisi wa madukani nasi, tunapoandika "1x1" (kidonge kimoja mara moja kwa siku) kwenye pakiti, tuongeze kwa Kiswahili: "Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Usiache bila kumwona daktari."

Mfamasia,
Kisauni, Mombasa