Mesothelioma: Kabla Hamjauza Kiwanja

Familia ikishaambiwa kwamba mzee ana mesothelioma, swali la kwanza wanalotuuliza karibu wote ni hili: "Tumpeleke India?" Wakati huo kundi la WhatsApp la ukoo limeshafunguliwa, mjomba ameshakabidhiwa uweka hazina, na kuna kiwanja Chanika kinatafutiwa mteja. Sisi ni wauguzi tunaohudumia wagonjwa majumbani hapa Dar es Salaam. Hatuuzi tiketi za ndege wala hatupewi chochote na hospitali yoyote kwa kumpeleka mgonjwa. Jibu letu ni kwamba msubiri kwanza, mtuonyeshe karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa mwilini na kupimwa maabara.

Mesothelioma ni saratani ya utando mwembamba unaofunika mapafu, na mara chache zaidi ule wa ndani ya tumbo. Sigara haisababishi ugonjwa huu. Kisababishi kikuu ni vumbi la asbesto, nyuzi ndogo mno ambazo mtu akizivuta hubaki mwilini na kufanya madhara yake polepole, miaka 20 hadi 50. Uhusiano huo ulijulikana kwa uzito mwaka 1960, pale J. C. Wagner na wenzake walipoandika kuhusu wagonjwa 33 huko Afrika Kusini, wengi wakitokea upande wa machimbo ya asbesto ya Cape. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba chochote, waliishi tu karibu na machimbo. Kwa hiyo mzee akisema "mimi sijawahi kufanya kazi mgodini", msiishie hapo. Muulizeni kama aliwahi kuezeka au kubomoa mapaa ya asbesto kwenye mashule na kota za zamani, kukata mabomba, au kufunga vizuia joto kwenye mabomba ya kiwandani au melini. Daktari atataka kujua, na baadaye habari hiyo inaweza kuhitajika kwenye madai.

Kwa nini tunang'ang'ania kinyama? Kwa sababu hapa kwetu maji yakijaa kifuani, mtu wa kwanza kushukiwa ni TB, na ni haki, TB ni nyingi. Mgonjwa huanzishiwa dawa, maji yanatolewa, yanajaa tena, yanatolewa tena, na miezi inakwenda. Kupima maji peke yake mara nyingi hakutoshi kuitambua mesothelioma. Inabidi kichukuliwe kipande cha utando wenyewe, ama kwa sindano inayoongozwa na picha, ama kwa kamera inayopitishwa katikati ya mbavu, kisha maabara wakipake rangi maalumu za kutofautisha ugonjwa huu na saratani nyingine zinazofanana nao. Karatasi ya majibu inapaswa kutaja aina: epithelioidi, sarkomatoidi, au mchanganyiko wa hizo mbili. Familia nyingi huliruka neno hilo kwa sababu halisomeki. Lakini ndilo linaloamua sehemu kubwa ya yanayofuata: epithelioidi huenda taratibu zaidi, sarkomatoidi ni kali na haisikii kemo (dawa za kuua seli za saratani) vizuri.

Sasa India, au tuseme upasuaji, maana mara nyingi ndicho kinachofuatwa huko. Zamani baadhi ya wapasuaji walikuwa wanaondoa pafu zima pamoja na utando wake. Baadaye wengi wakahamia kwenye kubandua utando na kuliacha pafu. Uingereza walilipima jambo hili kwa utafiti uitwao MARS 2, uliochapishwa mwaka 2024. Wagonjwa wote walipata kemo, nusu wakaongezewa upasuaji. Katika kundi la upasuaji, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 19. Katika kundi la kemo peke yake, nusu walivuka karibu miezi 25. Waliopasuliwa walipata pia madhara makubwa zaidi. Wapo wapasuaji wanaoendelea kubishana kwamba mgonjwa aliyechaguliwa vizuri bado anaweza kufaidika, na huo ni mjadala wao. Ila mtu akikuambia kwamba lazima muuze kiwanja leo kwa sababu mzee asipopasuliwa amekwisha, muulize kuhusu MARS 2 umsikilize anavyojibu.

Ya tumboni ni habari tofauti. Huko upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, kisha kuosha tumbo kwa dawa ya kemo iliyopashwa moto, umewapa baadhi ya wagonjwa miaka kadhaa. Hapo safari ya kwenda kwenye kituo kilichozoea upasuaji huo inaweza kuwa na maana, mgonjwa akiwa bado ana nguvu na ugonjwa haujatoka nje ya tumbo.

Wagonjwa wengi wa kifua wataanza na kemo, yaani dripu ya sisplatini pamoja na pemetreksedi kila baada ya siku 21, mara nne hadi sita. Mchanganyiko huu uliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Katika utafiti wake, nusu ya waliopewa dawa zote mbili walivuka miezi 12, wakati waliopewa sisplatini peke yake nusu yao walivuka miezi 9. Hiyo si tiba ya kumaliza ugonjwa, na afadhali familia ilijue hilo mapema kuliko kuligundua katikati ya michango. Inasogeza muda, na wengi hupungukiwa kikohozi na kubanwa pumzi. Mwenye figo dhaifu anaweza kupewa kaboplatini badala ya sisplatini.

Hapa ndipo sisi tunapoingia, kwa sababu mambo mengi yanayoharibu kemo hutokea nyumbani, si wodini. Pemetreksedi inataka maandalizi. Mgonjwa ameze foliki asidi kila siku kuanzia wiki moja hivi kabla ya dripu ya kwanza, achomwe sindano ya vitamini B12 wiki hiyo hiyo, irudiwe kila baada ya wiki tisa, tena ameze deksamethasoni siku ya kabla ya dripu, siku yenyewe na siku inayofuata. Wazee wetu wakiiona foliki asidi wanakataa, eti ni vidonge vya wajawazito. Mwelezeni mzee kwamba bila vidonge hivyo dawa inaweza kumshambulia damu na mdomo vibaya sana.

Halafu kuna diklofenaki. Mzee ana maumivu ya mbavu, mjukuu anatumwa duka la dawa la mtaani, anarudi na diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinaweza kuzizuia figo kuitoa pemetreksedi mwilini, na sisplatini nayo inaziumiza figo hizo hizo. Msinunue dawa yoyote ya maumivu bila kumuuliza daktari anayempa kemo. Na dawa za miti shamba vilevile, hatuwagombezi, ila mtajieni daktari mnachompa.

Jingine ni homa. Mtu aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38, ni hospitali usiku huo huo. Panado inashusha joto na kuficha hatari, asubuhi mnamkuta hoi. Kila nyumba tunayoihudumia tunaitaka iwe na kipimajoto, na kama hakuna, hicho ndicho kitu cha kwanza kununua.

Tiba ya kuamsha kinga ya mwili ndiyo inayosifiwa sana siku hizi. Nivolumabu pamoja na ipilimumabu ziliidhinishwa Marekani Oktoba 2020 kwa mesothelioma ya kifua isiyoweza kupasuliwa. Kwa ujumla nusu ya wagonjwa walivuka miezi 18, dhidi ya 14 kwa kemo. Kwa aina zisizo epithelioidi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, miezi 18 dhidi ya karibu 9. Mnaona sasa kwa nini lile neno lisilosomeka lina thamani. Dawa hizi ni ghali mno, na zinaweza kuendelea hadi miaka miwili. Kabla ya kuanza, ulizeni bima kwa maandishi inalipia nini, na mpige hesabu ya mwaka mzima, si ya dozi ya kwanza. Kuanza kwa shangwe na kukwama kwenye dozi ya tatu ni maumivu ambayo familia hujilaumu nayo kwa muda mrefu.

Mionzi ipo Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, na wapo wanaoliogopa hata jina la mahali pale. Kwa mesothelioma mionzi hutumika zaidi kutuliza maumivu sehemu moja, kwa mfano pale uvimbe unapokandamiza ukuta wa kifua.

Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, tunaiweka mwishoni mwa maelezo haya, lakini kwa mgonjwa inatakiwa ianze siku ya kwanza, sambamba na hayo mengine yote. Haina maana kwamba mgonjwa ametelekezwa. Kinachomtesa zaidi mgonjwa wa kifua ni maji yanayorudi. Badala ya kumtoboa kila baada ya wiki mbili, madaktari wanaweza kuyatoa yote kisha kuingiza poda maalumu ya talki inayoushikamanisha utando ili maji yasipate pa kukaa. Au wanaweza kuacha mpira mwembamba kifuani, maji yakawa yanatolewa nyumbani kidogo kidogo. Mpira huo tunaufahamu vizuri: tunausafisha, tunabadilisha bandeji, tunamfundisha mwanafamilia mmoja au wawili, na hatutoi zaidi ya lita moja kwa mkupuo hata mgonjwa akiomba, kwa sababu pafu likitanuka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe.

Maumivu nayo yana dawa, morfini ya maji. Hofu ya kwamba atakuwa teja haina msingi kwa mgonjwa anayepimiwa dozi na daktari. Dozi ndogo yake husaidia pia kubanwa pumzi. Tatizo lake halisi ni kukosa choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze pamoja nayo. Feni ndogo ikielekezwa usoni husaidia pumzi kuliko watu wengi wanavyodhani, na Dar yetu ilivyo na joto, ni vizuri iwe ya betri kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

Kuhusu fidia: ukitafuta mtandaoni utakutana na mawakili wa Marekani wanaotangaza mamilioni ya dola. Fedha hizo zinahusu kampuni za huko na watu waliokutana na asbesto ya kampuni hizo. Kwa aliyeajiriwa hapa Tanzania, pa kuanzia ni mwajiri na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mkiwa na historia ya kazi na majibu ya kinyama mkononi.

Wauguzi wetu wote wamesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kemo hatutundiki nyumbani, kwa mtu yeyote na kwa bei yoyote. Mkitupigia, muwe na majibu ya kinyama, picha ya CT ya karibuni, kipimo cha figo, na orodha ya kila dawa anayomeza mgonjwa, zikiwemo zile alizoletewa na shangazi kutoka kijijini. Kama kinyama bado hakijachukuliwa, tutamtembelea kwa ajili ya maumivu na pumzi huku mkisubiri rufaa ya Muhimbili. Ziara hiyo ya kwanza huchukua kama saa moja, na tunapenda mgonjwa mwenyewe awepo kwenye mazungumzo, si mjomba peke yake.