Mwezi upi, wa giza au wa mwanga?

Sisi ni washauri wa fedha hapa Mwanza, na fomu yetu ya zamani ilianza na swali: kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi? Mwalimu wa Nyegezi hulijibu kabla hujamaliza kuuliza. Mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki, aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mwezi upi mwanangu, wa giza au wa mwanga?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikaandika wastani, nikampangia aweke akiba kila tarehe 5.

Mara ya kwanza akaweka. Ya pili kimya, nikamtumia meseji ya kumkumbusha. Ya tatu simu ikawa inaita tu. Nikasema ofisini, tena kwa sauti, kwamba huyu hana nidhamu ya fedha.

Asubuhi moja nikashuka Mwaloni. Nikamkuta amekaa juu ya gunia, daftari liko magotini. Halikuwa na Januari wala Februari: kila ukurasa juu umeandikwa "Giza", chini yake magunia, nauli ya boti, na majina ya wavuvi anaowakopesha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, naye anakula alichobakiza. Kisha, kabla giza halijarudi, anawapa wavuvi pesa ya mafuta ili mzigo uje kwake na si kwa mwingine. Meseji yangu ilimfikia siku hizo hizo. Na kwa kuwa mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hakuna tarehe ya kalenda itakayomfaa mwaka mzima.

Aliniambia aliona aibu kunieleza, ndiyo maana hakupokea simu. Aibu ilikuwa yangu.

Siku hizi fomu inakuja mwisho. Kwanza tunakufuata kazini kwako, tunaomba kuona daftari lako, hata kama limelowa shombo. Akiba tunaipanga kwa giza, au kwa mavuno, au kwa mshahara, kutegemea pesa yako inavyoingia. Pesa ya mafuta inakaa karibu, mahali unapoweza kuitoa haraka. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani pesa unayoikopesha serikali, ni tamu kusikia: riba mara mbili kwa mwaka, tena haikatwi kodi. Lakini ukibanwa katikati itabidi umuuzie mwekezaji mwingine, na bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Mtaji wa mzigo hatuuweki huko, hata ukitubembeleza.

Malipo yetu yanaandikwa kwenye mkataba. Kama kuna taasisi inayotupa kamisheni, unaambiwa kabla hujasaini. Muulize hivyo kila mshauri, si sisi tu.

Halafu simu. Mvua ikishika siku tatu mfululizo, dagaa hawakauki na bei inaporomoka hadi ya chakula cha kuku. Siku hiyo tunapiga kukujulia hali, na neno akiba halitajwi mpaka ulitaje wewe.

Mama yule sasa anaweka giza likiisha, mara kingi, mara kidogo. Juzi alipiga mwenyewe: jirani yake anayeuza sato anataka tuonane. Tutaenda Jumanne, ila kabla ya saa moja asubuhi, maana baada ya hapo boti za visiwani zinashusha na hakuna atakayetusikiliza.