Asasi zisikimbilie zabuni bila kusoma aina ya hati

Ndugu Mhariri,

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika lake la misaada, USAID, kufungwa Julai mwaka huohuo, kwenye vikao vya asasi zetu nasikia wimbo mmoja: tuachane na ruzuku, twende kwenye zabuni, huko kuna faida. Sina ugomvi na faida. Ila wanaosema hivyo wanadhani mwombaji ndiye anayechagua.

Hachagui. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1977, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter Februari 1978, baada ya Bunge lao kuchoshwa na idara zilizojificha nyuma ya ruzuku ili kukwepa ushindani wa zabuni. Kinachoamua ni lengo la fedha. Serikali ikitaka bidhaa au huduma kwa matumizi yake yenyewe, huo ni mkataba wa ununuzi. Ikitaka kusaidia jambo la manufaa ya umma, ni ruzuku. Na ikitarajia kushiriki kwa kiasi kikubwa katika utekelezaji, ni makubaliano ya ushirikiano. Kumlipa fundi akujengee ukuta si sawa na kuchangia kisima cha mtaa, hata kama saruji ni ileile.

Tofauti yenyewe inaonekana mezani kwa mhasibu. Tuseme asasi inapima VVU vijijini. Kwa mkataba wa bei isiyobadilika, unakabidhi kazi mliyokubaliana, ikipokelewa unapeleka ankara. Ukitumia pungufu, kilichobaki ni chako. Mvua zikikata barabara na gharama zikapanda, hasara mara nyingi ni yako pia. Kwa makubaliano ya ushirikiano unarudishiwa gharama halisi zinazoruhusiwa, faida hakuna, na kila lita ya dizeli na karatasi ya saa za kazi za dereva inamsubiri mkaguzi. Inachosha, nakiri, lakini asasi isiyo na akiba benki haifilisiki kwa sababu ya masika.

Hata ugomvi ukizuka, njia si moja. Mkandarasi ana sheria ya Marekani ya migogoro ya mikataba ya 1978 ya kumwongoza, kuanzia kwa afisa wa serikali anayesimamia mkataba hadi mahakamani. Mpokea ruzuku hana njia iliyonyooka kiasi hicho, na mwaka 2025 mahakama za Marekani zilibishana hata juu ya mahakama ipi isikilize madai yake.

Wafadhili nao wana lao. Wanatoa makubaliano ya ushirikiano, kisha wanaiendesha asasi kama kibarua wao: wanataka kuidhinisha ajira ya dereva, tarehe ya semina, hadi rangi ya fulana. Mkurugenzi anaitikia tu, anaogopa awamu ijayo ya fedha. Kumbe kwa kanuni za Marekani, ushiriki huo hutajwa ndani ya hati yenyewe: kwa kawaida mpango kazi wa mwaka, watumishi wachache wa nafasi nyeti, mpango wa ufuatiliaji. Rangi ya fulana haimo.

Kwa hiyo wakurugenzi, kabla ya kuweka saini, tafuteni kifungu cha ushiriki wa mfadhili mkisome na mhasibu akiwepo. Kikiwa kimeandikwa kwa jumlajumla, rudisheni hati na kuomba mambo yatajwe moja moja.

Msomaji wenu,
Dodoma