Kabla Hujaisugua Shaba ya Babu

Mwezi uliopita alitufikia mama mmoja kutoka Lindi, kashuka basi asubuhi na kapu la ukili mkononi. Ndani ya kapu, khanga mbili. Ndani ya khanga, teodolaiti, ile darubini ya wapima ardhi inayosimama juu ya miguu mitatu. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi na wapimaji tangu ujana wake, kwanza akivuta mnyororo wa kupimia porini, baadaye akikabidhiwa vyombo vyenyewe.

"Fundi, nimekusafishia kabisa, usipate taabu," akaniambia.

Nilipoifunua iling'aa kama dele jipya la kahawa. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu siku mbili, yeye na wajukuu zake, kila mmoja na kitambaa chake. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha nilitazame duara la digrii. Kuanzia karibu digrii 40 mpaka kupita 100, mistari haikuwepo. Shaba na fedha vimebaki vitupu, laini kama kiganja.

Nilishindwa kumwambia mara moja. Nilimpa kiti kwanza.

Katika karakana yetu ya vyombo vya upimaji hapa Shangani, Mtwara, tumeona vyombo vilivyoanguka, vilivyolala chini ya maji ya mvua, vilivyoliwa na mchwa hadi boksi likabaki unga. Lakini vilivyoharibika kupita vyote ni vile vilivyosuguliwa na watu wanaovipenda. Ndiyo sababu ya makala haya. Kama una chombo cha upimaji cha mzee wako, kiache kilivyo, kisha soma mpaka mwisho.

Anza na duara lile. Kwenye teodolaiti nyingi za zamani, shaba imezungushiwa pete nyembamba ya fedha, na juu ya pete imechorwa mistari ya digrii 360 na vigawanyo vyake, myembamba kuliko unywele. Zamani mafundi waliichora kwa mkono, mmoja mmoja, na kosa dogo lilibaki humo milele. Miaka ya 1770 Jesse Ramsden wa London akatengeneza mashine ya kugawanya duara, na tangu hapo vyombo vidogo vikaweza kuaminika. Pembeni ya duara kuna kipimo kingine kidogo, vania, kinachomwezesha mpimaji kusoma hata sekunde 20 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600). Ukikosea sekunde 20 tu, alama iliyo umbali wa kilomita 1 inahama karibu sentimita 10. Hiyo ndiyo kazi ya mistari ile. Asidi ya ndimu inaila shaba, majivu yanaikwangua fedha kama msasa, na hakuna fundi hapa kwetu atakayeirudisha. Ukichora upya, umetengeneza chombo kingine.

Na ule weusi au ukahawia ulio kwenye mwili wa chombo? Mara nyingi si uchafu. Watengenezaji waliupaka makusudi ili shaba isirudishe mwanga wa jua machoni mwa mpimaji. Sehemu zilizoachwa na rangi ya dhahabu zilifunikwa kwa vanishi nyembamba ya kuzuia kutu. Dawa za dukani za kung'arishia shaba zinaondoa vyote viwili, na nyingi zina amonia, ambayo huweza kuipasua shaba iliyokazwa. Sinia na dele vinastahimili ndimu kwa sababu havina la kupoteza isipokuwa unene. Chombo cha kupimia kina la kupoteza.

Wateja huniuliza vyombo hivi vimefikaje huku kusini kwa wingi hivi. Vingi vina hadithi ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Mashamba yakapimwa, njia ya reli ikapimwa, bandari ya maji marefu ya Mtwara ikapimwa na kujengwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari imebaki, na tunaitumia kusafirisha korosho hadi leo. Kila mstari wa kazi ile ulipita kwanza kwenye jicho la mtu aliyeinama nyuma ya darubini, na mbele yake walikuwepo vijana wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao waliofyeka njia, wakabeba miguu mitatu begani na kunyoosha mnyororo kwenye vichaka. Majina yao hayakuandikwa pembeni ya ramani. Kwa familia nyingi, ushahidi uliobaki ni dira moja au kipande cha mnyororo kilichoning'inizwa stoo.

Huo mnyororo nao usiudharau. Ulibuniwa na Edmund Gunter, Mwingereza, mwaka 1620. Una viungo 100 na urefu wa futi 66, yaani mita 20.12. Minyororo 10 ya mraba ni ekari 1 kamili. Wakulima wetu bado wanahesabu ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaribia sana: hatua ikiwa yadi 1, unapata yadi za mraba 4,900, wakati ekari ina 4,840. Mnyororo wa aina hii ukiwa kamili una vibati vya shaba kila baada ya viungo 10. Cha kwanza kina jino moja, cha pili mawili, cha tatu matatu, cha nne manne, na cha katikati ni cha duara, ili mvutaji ajue alipo hata kwa kupapasa. Watoto huving'oa kuchezea. Tafadhali vitafuteni uvunguni kabla hamjaja kwetu.

Adui mwingine wa vyombo hivi ni hewa yetu wenyewe. Upepo wa bahari unaleta chumvi, mvua za Desemba mpaka Aprili zinaleta unyevu, na ndani ya darubini kuvu inaota juu ya lenzi kama utando wa mizizi midogo. Kuvu hiyo inatoa asidi, na ikikaa miaka inakichimba kioo chenyewe. Inapenda giza na hewa iliyotuama, kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ni ndani ya mfuko wa ngozi, ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Weka chombo kabatini penye mwanga na hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na uweke karibu yake vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya cherehani, mafuta ya kupuliza ya kopo, yote hapana. Mafuta ya zamani ndani ya chombo yameshaganda kama gundi, na ukiongeza mapya juu yake unanasa vumbi tu. Skurubu ikigoma, iache igome.

Kazi yetu sisi ni kufungua, kuondoa mafuta yaliyoganda, kusafisha lenzi na kuua kuvu, kufufua skurubu na kutengeneza boksi pale lilipoliwa. Kwa maboksi tunashirikiana na fundi seremala wa Mikindani, anayefuata vipimo vya boksi la zamani na kuacha kila kipande kinachofaa mahali pake.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya uzi wa buibui. Ndani ya darubini za zamani kuna msalaba wa kulengea, na watengenezaji wengi waliutengeneza kwa uzi wa buibui halisi, kwa sababu ni mwembamba, imara na wa unene ulio sawa. Ukikatika, tunauweka kama walivyofanya wao. Unamtikisa buibui kwenye kijiti, anajiachia kwenda chini kwa uzi wake, na unauzungusha taratibu kwenye uma wa waya. Uzi wa kunasia wadudu haufai, una gundi. Unaulowesha kidogo, unaunyoosha juu ya mifereji ya pete, unaubana kwa tone dogo la vanishi. Siku yenye upepo hatuthubutu kuifanya.

Kuna tusiyoyafanya. Hatugeuzi teodolaiti kuwa taa ya sebuleni. Hatupokei bikoni zilizong'olewa ardhini, maana ni alama za mipaka ya watu na sheria inakataza kuzigusa. Dira ya kijeshi yenye rangi iliyotengenezwa kung'aa gizani usiifungue mwenyewe, kwani baadhi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Na ukienda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu atakulipa kwa kilo. Kabla ya hapo pita kwetu, kukagua hatutozi. Njoo nacho kikiwa na vumbi lake, boksi lake hata kama limevunjika, na karatasi yoyote uliyoikuta ndani. Ukiwa safarini kutoka Newala au Masasi, kipakate. Kama ni dira, kaza kwanza kile kiskurubu kinachonyanyua sindano.

Yule mama nilimweleza ukweli wote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tengeneza kilichobaki, mwanangu." Duara tumeliacha lilivyo. Lenzi zilikuwa na kuvu lakini kioo kilikuwa hakijachimbwa, na msalaba tukauweka upya. Aliporudi kuichukua tuliisimamisha nje ya karakana, tukailengesha ng'ambo, Msanga Mkuu. Darubini za zamani namna ile huonyesha picha iliyopinduka. Akainama, akakaa jicho moja limefumba, kisha akacheka peke yake. Mashua zilikuwa zimening'inia kichwa chini kutoka baharini.

"Kumbe," akasema. "Baba alikuwa akituambia kazini kwake watu wanatembea miguu juu. Sisi tukidhani anatutania."