Kiuno Kinauma, Je, Ni Figo?

Wengi wanaokuja maabara kwetu kuomba kipimo cha figo hulalamikia kiuno. Kiuno kinachouma ukiinama au ukibeba ndoo ya maji kwa kawaida ni misuli au uti wa mgongo. Mawe ya figo huuma kweli, tena vibaya. Lakini figo zinazoliwa polepole na presha au kisukari haziumi; zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na mtu bado yuko kazini kama kawaida.

Anza na mkojo. Povu la kawaida hutulia upesi. La protini inayovuja kwenye figo hukaa kama la sabuni, na kesho lipo tena. Kisha macho: yamevimba asubuhi? Jioni bonyeza kidole mbele ya muundi kwa sekunde 10 hivi. Shimo likibaki, maji yamejaa mwilini, ingawa moyo na ini navyo huvimbisha miguu. Kuwashwa bila vipele, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni na viganja vyeupe huja baadaye sana: uchafu umelundikana kwenye damu, na figo hazitoi tena vya kutosha homoni inayouamuru uboho kutengeneza damu.

Pumzi ikikatika ukilala chali, mkojo ukikauka au mgonjwa akichanganyikiwa, usije kwetu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mwenye presha au kisukari asingoje dalili; apime kila mwaka, damu na mkojo pamoja. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu, peke yake hudanganya. Mikromoli 106 kwa lita, kwa kijana wa kiume wa miaka 25, ni eGFR (kadirio la kasi ya figo kuchuja damu, kwa kuzingatia umri na jinsia) ya 86 hivi; 106 hiyohiyo kwa bibi wa miaka 70 ni kama 49. eGFR chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa kazi.

Usiku wa kuamkia kipimo acha nyama, maana hupandisha kreatinini. Asubuhi mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, uufikishe ndani ya saa moja au mbili. Aliye hedhini asubiri imalizike. Tutajie pia dawa zote unazomeza, hata diklofenaki (dawa ya maumivu) ya dukani na mitishamba. Hizo zenyewe huweza kuumiza figo.